Nikisema "kinga", mume wangu anasikia neno jingine

Somo, asalam aleikum.

Naandika saa nane na nusu za usiku, nimekaa kizingitini mlango wa uani, maana kurudi kitandani ni kujisumbua bure. Baada ya nusu saa nitainuka tena. Nina miaka 36, nasomesha skuli ya sekondari hapa Unguja, nina watoto wawili. Mume wangu ni fundi wa majokofu. Mimi nimezaliwa na kukulia Pemba.

Maradhi yangu yalianza miaka mitatu nyuma kama yanavyoanza ya wanawake wengi: mkojo unachoma, chini ya kitovu panauma, kutwa uko chooni. Nikaambiwa UTI, nikapewa sipro za siku tano. Nikapata nafuu, au nilidhani. Mwezi wa pili yakarudi. Tangu hapo nimekunywa dawa ambazo majina yake siyakumbuki tena, nimechomwa sindano za siku saba mara tatu kwenye zahanati moja ya mtu binafsi, na kwenye daftari langu wakaandika "UTI sugu". Siku moja kijana wa maabara, umri wa wanafunzi wangu, alinambia watu wakisikia: "Mlete na mzee, huyo ndiye anayekurudishia." Nikamleta. Akapimwa, hana kitu, akapewa dozi hivyo hivyo. Kuanzia siku ile ananitazama kwa jicho la kuuliza.

Maumivu yenyewe ni hivi. Kibofu kikipata mkojo kidogo tu, nahisi kama kaa la moto limewekwa pale kwenye mfupa wa chini. Nikikojoa linapoa dakika kumi, ishirini, kisha linawaka upya. Usiku naamka mara sita au saba. Skuli kipindi ni dakika 40. Nikiwa na viwili mfululizo nawapa zoezi waandike ili nikimbie. Wameshanipa jina, nimelisikia dirishani: Bi Dakika Moja. Ramadhani iliyopita ndiyo iliyonivunja. Ikifika alasiri mkojo ni matone mawili ya rangi ya chai ya mkandaa, nami naing'ata kanga ili watoto wasinisikie. Nilifunga zote. Sikuthubutu kula mbele ya mavyaa.

Mwaka huu nikaenda kwa daktari wa macho kwa jambo nililodhani halihusiani kabisa. Macho yalikuwa yananikwaruza kama yametiwa mchanga. Mdomo nao mkavu, mkate haupiti bila ya maji, na magego manne nimeshang'oa ndani ya miaka miwili. Yule daktari akanitia kijikaratasi kwenye kope ya chini, akatazama saa dakika tano, akakitoa na kukipima: maji yamepanda milimita tatu tu. Akauliza vidole vinauma asubuhi? Nikasema ndiyo. Akauliza, na mkojo je? Hapo nikalia, Somo, na hata machozi hayakutoka.

Vipimo vya damu vikaonyesha kingamwili, zile silaha za kinga zilizomo kwenye damu, wanazoziita za Ro. Daktari wa hospitali akanambia nina ugonjwa wa Sjögren: kinga ya mwili inazishambulia tezi za mate na za machozi, na "huenda na kibofu kimo humo humo". Mkojo wangu umeshaoteshwa mara tatu, hakijaota kijidudu. Akanipa haidroksiklorokwini ya kuituliza hiyo kinga, na vidonge vya amitriptilini vya usiku kwa ajili ya kibofu. Hivyo vya usiku niliviacha baada ya wiki mbili, ulimi ulikuwa unanata kaakaani. Sasa anataka niende Dar es Salaam nikapimwe kibofu kwa kamera.

Shida yangu inaanzia hapa. Nilirudi nyumbani siku ile nina furaha, hatimaye kitu kina jina. Nikamwambia mume wangu: "Nimejulikana. Ni ugonjwa wa kinga ya mwili." Akanyamaza. Akasema, "Kinga?" Nikasema ndiyo, kinga. Usiku ule alichukua mto wake akalala ukumbini, na leo ni wiki ya saba. Virusi nimepima mara mbili, sina, karatasi nimemwonyesha. Anasema karatasi zinaandikwa na watu. Wifi ameshajua, mavyaa ameshajua, nyumba yetu haina siri. Mavyaa anasema ni jini. Wifi kaniletea shabu iliyosagwa na majani, nijipake, "ujibane, mume atarudi chumbani".

Tendo la ndoa lenyewe tulikuwa tumeshaliacha. Linaniumiza, ni ukavu, na kibofu kinawaka mpaka kesho yake. Sababu sikuwahi kumwambia, nilisingizia uchovu wa kusahihisha madaftari. Yeye anataka mtoto wa tatu. Namwogopa, si kwa mkono, hajaninyanyulia mkono hata siku moja, bali kwa kimya chake. Ni mtu wa vitendo, si wa maneno. Wiki iliyopita nilikuta ametundika taa ya sola njia ya chooni, wala hakusema.

Kwenye kikoba nina laki tisa zangu. Nimewaza nimuage kuwa nakwenda semina ya walimu Dar, nipande boti, nipigwe kamera, nirudi na jibu mkononi. Akiliona jibu ataamini. Mdogo wangu aliyeko Maskati naye ananambia niachane na kamera, ataniletea vidonge vya kibofu kutoka huko. Na kuna jambo linaninyima usingizi hata pale kibofu kinaponiachia: kama mwili wangu unajila wenyewe, kizazi je?

Niende kwa siri? Niseme? Nisubiri?

Mama wa Wawili, Unguja

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kama somo, na mara ya pili kama muuguzi, maana kabla ya safu hii nilivaa sare nyeupe miaka mingi. Nakujibu kwa kofia zote mbili. Lakini mimi si daktari wako, na lolote la dawa humu ulipeleke kwake kwanza.

Nikikusikia sawasawa, una maumivu ya kibofu ambayo miaka mitatu yametibiwa kwa jina lisilokuwa lake. Sasa yamepata jina jipya, na jina hilo limemhamisha mume wako kitandani. Umeyafunga mambo hayo mawili kwa kamba moja, na unatumaini kamera ya Dar itayafungua yote. Mimi nina wasiwasi na hiyo kamba.

Nianze na neno lenyewe. UKIMWI ni Upungufu wa Kinga Mwilini. Neno "kinga" limo ndani ya jina. Watu wa rika lako na la mumeo wamelisikia tangu wakiwa skuli, kwenye mabango, kwenye redio, kwenye khutba. Wewe ulipomwambia "ugonjwa wa kinga ya mwili" ulimpa nomino ukamnyima kitenzi, na kitenzi ndicho chenye habari. Katika UKIMWI askari wa mwili wamepungua, nyumba haina ulinzi. Kwako wewe askari wapo tele, ila wanampiga mwenye nyumba wakidhani ni mwizi. *Kujishambulia.* Haukuletwa na mtu na humwambukizi mtu. Sikulaumu, ulikuwa na furaha na ulisema kama ulivyoambiwa. Lakini kabla hujasema "haniamini", jiulize kama ameshawahi kusikia sentensi nzima, achilia mbali kutoka kwa mtu mwenye koti jeupe.

Sasa kibofu. Daktari wako kusema "huenda" si kukwepa. Henrik Sjögren alikuwa daktari wa macho wa Uswidi, na mwaka 1933 aliandika juu ya wanawake 19 wenye macho makavu, wengi wao wakiwa na maumivu ya viungo pia. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza haukuwa ugonjwa wa macho peke yake. Miaka 18 kabla yake, 1915, daktari wa wanawake wa Baltimore, Guy Hunner, alikuwa ameeleza kibofu kinachouma, kisicho na vijidudu, chenye mabaka mekundu ya vidonda ndani. Madaktari leo wanauita sistaitisi ya intastisho, au ugonjwa wa maumivu ya kibofu. Baadaye ilionekana kwamba wenye Sjögren, na kwa kiasi fulani wenye lupasi, ugonjwa mwingine wa mwili kujishambulia, wanaupata ugonjwa huo wa kibofu zaidi kuliko watu wengine.

Kwa nini? Zipo njia mbili zinazotajwa sana. Moja ni kwamba chembe za kinga zinajazana kwenye ukuta wa kibofu na kuuwasha. Usifikirie uvimbe wa kuota kitu, fikiria jicho jekundu. Nyingine inahusu vipokezi, zile "swichi" ndogo kwenye chembe. Swichi za aina ile ile inayoiamuru tezi itoe mate zipo pia kwenye msuli wa kibofu, na baadhi ya wenye Sjögren wamekutwa na kingamwili zinazozing'ang'ania. Kwa hiyo mdomo wako na kibofu chako si ajabu kulalamika pamoja.

Lakini, mwanangu, wengi wenye kibofu cha aina hiyo hawana Sjögren, na wengi wenye Sjögren vibofu vyao ni salama. Uhusiano upo, ila haukuandikii cheti. Ndiyo maana nataka tukitilie shaka kidogo kisa chako, kabla nacho hakijawa "UTI sugu" nyingine, jina linalomfanya kila mtu aache kutafuta.

Umesema umekulia Pemba, ukapita. Mimi nilisimama hapo. Ulikuwa ukiogelea mtoni au kwenye bwawa? Uliwahi kukojoa damu utotoni, na wenzako wakacheka wakisema umekua? Kichocho cha Unguja na Pemba ni kile cha mkojo, na mayai yake hukaa kwenye ukuta wa kibofu. Hata minyoo ikifa, makovu hubaki, na ukuta huo unaweza kuuma na kushindwa kutanuka miaka mingi baadaye. Kipimo cha mayai hutaka mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, hasa matone ya mwisho. Ukipeleka wa alfajiri unaweza kuambiwa huna nawe unacho. Kwa kichocho cha zamani hata mkojo wa saa sita unaweza kutoka safi, na hapo kamera ndiyo inayoona, mabaka kama mchanga uliogandana. Kichocho kilichokaa sana huweza pia kuleta saratani ya kibofu, kwa hiyo ukiona damu hata mara moja usingoje semina wala likizo. Muulize daktari na kuhusu kifua kikuu cha njia ya mkojo, maana hicho hujificha: usaha unaonekana, mkojo ukioteshwa kwa njia ya kawaida hauoti kitu.

Jambo la pili ni maji. Mdomo wako mkavu. Unakunywa kiasi gani kwa siku? Mwenye Sjögren hutembea na chupa, anapiga funda moja moja kutwa, kisha anashangaa mkojo hauishi. Sjögren yenyewe mara nyingine hugusa figo zikashindwa kuubana mkojo. Na kiu na kukojoa sana, sukari nayo ipimwe, hata kama unaiona mbali. Kitu kinachotenganisha haya ni jagi la plastiki lenye alama za mililita, la jikoni, ambalo halitarudi jikoni tena. Siku tatu, mchana na usiku, kojolea humo, andika saa, kiasi, na maumivu ni mangapi kati ya kumi. Kibofu cha mtu mzima huvumilia mililita 300 hadi 400 bila ugomvi. Ukiona kila safari ni 80, 100, 90, hapo kibofu ndicho kinachokataa kujaa. Ukiona 400, 450, 500 na jumla ya saa 24 inapita lita 3, basi tatizo ni wingi wa mkojo, na daktari atageukia figo, sukari na chupa yako ya maji. Nimewaona wagonjwa wakimaliza mabishano ya miezi kwa daftari la kurasa mbili. Andika na ulichokula. Ndimu, ukwaju, achari, nyanya, pilipili, kahawa na soda huwasha vibofu vya aina hii kwa watu wengi, ingawa si kwa wote, kwa hiyo usijinyime urojo mpaka daftari liseme.

Vidonge vya usiku uliviacha bila kumwambia aliyekuandikia. Naelewa. Amitriptilini hutuliza maumivu ya kibofu kwa watu wengi na huwapa usingizi, lakini hukausha mdomo wa mtu yeyote, sembuse wako. Dawa nyingi za kuzuia mkojo wa kila mara zina tabia hiyo hiyo. Si lazima uzirudie, ila akijua umeziacha anaweza kupunguza dozi au kufikiria njia zisizopita mdomoni, kama dawa za kutia moja kwa moja ndani ya kibofu kwa mpira. Asipojua, ziara ijayo ataandika "dawa haikusaidia" na kupanda ngazi ambayo pengine huihitaji. Na antibayotiki, ikiwa mkojo haujaota kitu mara tatu, kila dozi mpya inahitaji sababu mpya. Ile nafuu uliyokuwa ukiipata huenda haikuwa ya sindano. Ugonjwa huu huwaka na kupoa wenyewe, na dawa inayotolewa siku ya kuwaka husifiwa kwa kupoa kwa wiki inayofuata.

Vidonge vya Maskati, muulize mdogo wako vinaitwaje. Vikiwa ni pentosani, vinajulikana kuwa kwa baadhi ya watumiaji wa muda mrefu huharibu retina, sehemu ya nyuma ya jicho. Haidroksiklorokwini unayokunywa nayo, kwa miaka, huhitaji jicho likaguliwe kwa sababu hiyo hiyo. Mbili pamoja bila daktari wa macho kujua, mimi moyo wangu hautulii.

Na shabu ya wifi. Hapa naomba nivue kofia ya uuguzi nibaki na ya somo, maana sisi masomo tuna deni. Tumefundisha mabinti kubana, kubana, kubana. Kwa kibofu kama chako misuli ya nyonga mara nyingi tayari imekaza kwa maumivu, kama bega la mtu aliyebeba ndoo, na mazoezi ya kuibana huongeza tatizo. Wanachofundisha wataalamu wa viungo ni kinyume chake, kuilegeza kwa pumzi. Shabu hukausha, nawe ukavu ndio unaokuumiza. Mshukuru wifi, iweke kabatini. Dawa ya kulainisha ya maji, isiyo na harufu, ipo famasi, na hiyo unaweza kuinunua bila kueleza mtu.

Kizazi. Sjögren haikufungi kizazi, na wengi wenye hizo kingamwili za Ro huzaa watoto wazima. Ila zinaweza kuvuka kwenda kwa mtoto tumboni na kugusa mfumo wa umeme wa moyo wake. Hutokea kwa mimba moja au mbili katika kila mia. Kwa hiyo mimba yako itake kupangwa, daktari ajue mapema, moyo wa mtoto ufuatwe. Haidroksiklorokwini usiiache kwa kuogopa mimba, wala usianze kushika mimba bila kuitaja. Mume wako ana haki ya kulijua hili, na wewe una haki ya kuchagua siku ya kulisema.

Sasa kwake. Njia ya semina naielewa kuliko unavyodhani. Ina faida moja kubwa, mwili ni wako, pesa ni zako, na jibu litakuwa lako kabla halijawa la ukumbi mzima. Lakini tazama unachokipanga kwa macho yake: mke aliyesema "kinga" anaondoka na boti kwa uongo kwenda hospitali ya mbali. Akigundua, na nyumba yenu umesema haina siri, atasoma nini? Kipimo hicho mara nyingine hufanywa kwa ganzi ya kawaida ukatoka siku ile ile, mara nyingine kwa usingizi, na hapo huombwa mtu wa kukusindikiza. Kisha lipo lile ninaloliogopa zaidi: kamera inaweza isione kitu. Vidonda vya Hunner vikionekana, vina matibabu yake, huchomwa au hudungwa dawa, na wengi hupata nafuu. Lakini kibofu kinachouma kinaweza kuonekana safi kabisa, na bado kinauma. Utarudi na karatasi imeandikwa "kawaida" kumwonyesha mtu asiyeamini karatasi.

Njia ya kumpeleka kwa daktari nayo ina miba. Anaweza kukataa. Anaweza kukubali, akakaa kimya kama gogo, akatoka na swali la mtoto wa tatu tu. Ukiichagua, mwone daktari kwanza wewe peke yako, umwombe asianze na neno kinga bali na vile kijikaratasi chako cha jicho kilivyotoka kikavu. Fundi wa majokofu huelewa mfumo unaovuja na mfumo usiotoa maji. Na hapo mnaweza kupima virusi wote wawili, mkiwa mmekaa pamoja, jibu likatoka mbele ya macho yake. Njia ya mzee wa kati, mjomba au sheikh mnayemheshimu, husaidia palipo na heshima na huharibu palipo na midomo, nawe ndiye unayeijua midomo ya kwenu. Kwa sheikh nina sababu nyingine: saumu. Muulize yeye na daktari, mapema kabla ya mwezi kuandama, si alasiri ya siku ya kumi na kanga mdomoni. Mgonjwa ana ruhusa yake, na mavyaa akilisikia kwa sheikh ni tofauti na kulisikia kwako.

Kungoja pia ni njia, usijione mvivu ukiichagua kwa mwezi mmoja ukiwa na jagi na kipimo cha kichocho. Hatari yake ni kwamba wiki ya saba itakuwa ya ishirini.

Nina jambo moja la kukuuliza. Umeniandikia aya nzima juu ya mto aliouhamisha, na sentensi moja juu ya taa. Alihama usiku ule ule, sawa. Kabla ya hapo ulimsingizia madaftari, naye hakujua kwamba ulikuwa unakimbia maumivu. Huenda alidhani unamkimbia yeye. Je, inawezekana kulala ukumbini ni hofu, au kukuachia nafasi ya kuinuka mara saba bila kumwamsha, au hasira, au vyote? Sijui mimi, na kwa barua yako nadhani hujui wewe pia. Kimya tunakitafsiri kwa lugha ya woga wetu. Kikija kugeuka maneno ya kukutisha, hapo habari ni nyingine, nenda kwa watu wako na uniandikie siku hiyo hiyo.

Ukiamua boti, kwa siri au kwa wazi, ni karibu saa mbili baharini, kaa kiti cha ukingoni karibu na choo na usiache kunywa maji tangu jana yake kwa kuogopa safari, mkojo mzito ndio unaochoma. Jagi lianze Ijumaa jioni ili upate Jumamosi na Jumapili bila vipindi. Na ukiniandikia tena, nitajie jumla ya saa 24, nitajie mkojo wa saa sita mchana umeonyesha nini, na unambie kama umeshamuuliza ile taa ameitundika kwa ajili ya nani.

Somo wako